TUPIME DAMU KABLA YA POSA

Hotuba kwa wanachama na wananchi wa Kibiti na vijiji vya Delta ya Rufiji



Tumezoea kukutana kwa ajili ya bei ya korosho na ufuta, ubovu wa barabara na upungufu wa madawati. Leo tumekuja na jambo lililomo ndani ya mwili wa kila mmoja wetu. Twataka kusema juu ya damu ambayo baba na mama humrithisha mtoto, na sababu ya kutupasa kuijua damu hiyo kabla barua ya posa haijapelekwa.

Huenda wako watakaouliza, chama kinaingiaje katika mambo ya uchumba? Jibu letu ni fupi. Nchi hii ilipopata Uhuru mwaka 1961 tulitangaziwa vita na maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mkoloni alifungasha mizigo yake akaenda zake, lakini maadui hao watatu hawakupanda meli pamoja naye. Na jambo la leo lina wote watatu ndani yake. Ni maradhi, yanasitirika nyuma ya ujinga, na yakiingia nyumbani huleta umaskini. Chama kisichosema juu ya jambo la namna hiyo kitakuwa chama cha kupiga makofi tu.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa tunaousema huitwa selimundu, na wengi huko hospitali huuita siko seli. Ndani ya damu mna chembe nyekundu, ndogo mno, ambazo kazi yake ni kuchukua hewa safi na kuipeleka mwilini mwote. Chembe ya mtu mzima wa afya ni ya mviringo na laini, hupita katika mishipa myembamba kama mtumbwi mdogo unavyopita katika vijito vya mikoko. Chembe ya mgonjwa wa selimundu hujikunja ikawa ngumu na yenye umbo la mundu. Mundu haupiti vizuri penye njia nyembamba. Hukwama, na zinazofuata nyuma hukwama juu yake, na mahali pale hewa haifiki. Ndipo mtoto hulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Tena chembe hizo hufa mapema. Chembe nzima huishi kadiri ya siku 120, lakini ya mundu huishi siku 10 hadi 20 tu, na kwa hiyo mtoto hupungukiwa damu kila mara.

Dalili zake mama zetu wanazijua, ila jina lake ndilo wengi hawakupewa. Mtoto huzaliwa salama, akanenepa, akacheka. Akipita miezi sita hivi, mikono na miguu huanza kuvimba. Macho huwa ya manjano. Homa ndogo humwangusha kuliko watoto wenzake. Wengine hupata kiharusi wakiwa bado wadogo. Hapo ndipo maneno huanza: amerogwa, amekalishwa na shetani, mama yake alivunja mwiko. Fedha hutoka, kuku hutoka, mbuzi hutoka, na mtoto hapati nafuu.

Ndugu zangu, hili si jambo la watu wachache. Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa kila mwaka watoto kati ya 11,000 na 14,000 wenye ugonjwa huu, na nchi yetu imo katika zile chache za mbele ulimwenguni kwa hesabu hiyo. Katika Afrika, mtoto mwenye selimundu asiyepata matunzo ana hatari kubwa ya kufa kabla ya kutimiza miaka 5. Wataalamu hukadiria kwamba nusu au zaidi ya watoto wa namna hiyo hufa. Hao ni watoto wanaozikwa bila jina la kilichowaua kujulikana.

PUNJE MBILI KATIKA NGUMI

Sasa tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja wala kulala pamoja, wala hauletwi na mbu. Hurithiwa, na hurithiwa kwa njia ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kuielewa.

Chukueni punje za mahindi, nyeupe na nyekundu. Kila mtu ana punje mbili katika ngumi yake: moja alipewa na baba, moja alipewa na mama. Naye akizaa humpa mtoto punje moja tu, ama hii ama ile, bila kuchagua. Punje nyeupe ndiyo ya damu ya kawaida, na huko maabara huiita A. Punje nyekundu ndiyo ya mundu, nayo huitwa S. Mwenye nyeupe mbili ni AA. Mwenye nyekundu mbili ni SS, na huyo ndiye mgonjwa. Mwenye moja nyeupe na moja nyekundu ni AS. Huyu si mgonjwa. Hulima, huvua, hupiga makasia, hucheza ngoma kama wengine, na aweza kufika miaka 80 asijue kamwe kwamba amebeba punje nyekundu. Katika Tanzania watu wa namna hii ni wengi. Kwa makadirio, katika kila watu 100, yapata 13 hadi 20 ni AS, nako hutofautiana mahali na mahali.

AS akioana na AA, hawazai mgonjwa. Huenda baadhi ya watoto wakawa wabebaji kama mzazi wao, basi. Lakini AS akioana na AS, kila mimba ina njia nne. Njia moja mtoto ni AA, njia mbili mtoto ni AS, na njia moja mtoto ni SS. Ndiyo kusema robo.

Hapa pana kosa moja la hesabu linaloumiza watu. Wako wanaodhani kwamba mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima, maana ile robo imekwisha kutoka. Sivyo. Mimba haina kumbukumbu ya mimba iliyotangulia. Kila mara ngumi hufumbwa upya na punje huchanganywa upya. Wako wazazi wenye watoto watano wote wazima, na wako wenye watoto watatu wote wagonjwa, na wote wawili ni AS na AS.

Basi tupige hesabu nyingine ya kututuliza. Kama wabebaji ni 13 hadi 20 katika 100, na watu wakioana bila kujua, ndoa ambazo wote wawili ni wabebaji ni kama 2 hadi 4 katika 100. Maana yake nini? Maana yake wachumba 96 au zaidi katika kila 100 watakaopima watarudi nyumbani hawana hofu ya selimundu kwa watoto wao. Kipimo hiki kazi yake kubwa ni kuwaondolea watu wasiwasi. Ni wale wachache ndio watakaopata habari nzito, na hao ndio wanaoihitaji kuliko wote.

Kwetu Pwani mtu kumwoa binti wa mjomba au wa ami yake ni jambo la kawaida, nalo ni halali katika dini. Hatukuja kulikataza. Lakini yatupasa kusema wazi: kama babu alibeba punje nyekundu, wajukuu wa nyumba moja wana nafasi kubwa zaidi ya kuibeba wote wawili. Basi wanaooana ndani ya ukoo ndio wapime mbele ya wengine.

DAMU YETU ILISOMWA OXFORD

Kwa nini punje hii imejaa hasa kwetu Pwani? Si laana. Katika mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, jina lake Anthony Allison, alifika Kenya pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford, akapima damu za watu wa makabila mbalimbali. Akaona ajabu: watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Nyanza walikuwa na chembe ya mundu kwa wingi, na watu wa nyanda za juu penye baridi walikuwa nayo kidogo sana. Akajiuliza, pwani na ziwani pana nini ambacho milimani hakipo? Jibu lilikuwa mbu wa malaria. Mwaka 1954 alitoa katika jarida la madaktari la Uingereza ushahidi kwamba mwenye AS hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali.

Mwaonaje, ndugu zangu? Wazee wetu wa mabonde haya waliishi na mbu vizazi na vizazi. Mtoto mwenye punje moja nyekundu aliikwepa malaria kuliko wenzake, akakua, akazaa. Punje ile ilikuwa ngao. Ubaya wake huja zinapokutana mbili. Basi asitokee mtu akamwambia mwenzake kwamba ana damu mbovu. Ni damu ya watu walioshindana na mbu wa Rufiji wakabaki hai.

Lakini liko jambo jingine la kutafakari. Damu ilitoka katika mikono ya Waafrika wa Mashariki, habari ikaandikwa kwa Kiingereza na kusomwa London na Oxford, na imepita miaka 70 na zaidi, lakini bado kuna mama huku kwetu anayeambiwa kwamba mtoto wake amekufa kwa mwiko. Uhuru wa bendera twauona juu ya mlingoti. Tunataka na uhuru wa kuisoma damu yetu wenyewe, kwa lugha yetu, na kwa faida ya watoto wetu.

Na mwanzo mzuri tunao. Katika Muhimbili, tangu mwaka 2004, madaktari wa Kitanzania wakiongozwa na Profesa Julie Makani wameandikisha maelfu ya wagonjwa wa selimundu, wakawafuatilia mwaka hata mwaka. Hilo limetuletea elimu ya nyumbani.

RUFIJI IMEKWISHA KUONYESHA NJIA

Wako watakaosema, mambo ya vipimo ni ya watu wa Dar es Salaam, sisi watu wa mto tuacheni. Twawakumbusha kwamba Rufiji, na wakati huo Kibiti ilikuwa bado ndani ya Rufiji, ilipata kuwa mwalimu wa nchi nyingi.

Tangu mwaka 1998 watafiti wa afya walipita nyumba kwa nyumba kaskazini ya mto, wakaandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki, na wafiwa wakaulizwa kwa heshima marehemu aliugua nini. Wazee wengi walishuku wakasema, tunahesabiwa kodi. Lakini hesabu ile, pamoja na mpango uliofanyika Rufiji na Morogoro, iliwafanya viongozi wa afya wa wilaya waone fedha ziende wapi: kwenye malaria na maradhi ya watoto, ambayo yalikuwa yakiua wengi na kupewa fedha kidogo. Katika miaka michache vifo vya watoto wadogo katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya 40 katika 100. Dawa za miujiza hazikuwapo. Walijua kwanza, kisha wakatenda.

Basi kama watu wa Ikwiriri, Kibiti na Bungu walikubali milango yao ihesabiwe wakaokoa watoto, hatuoni kwa nini vijana wao wasikubali tone la damu.

KWA NINI KABLA YA POSA

Sasa tunafika kwenye shabaha. Twasema: kabla ya posa. Hatusemi kabla ya harusi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wenye nia ya kuoana watoe taarifa siku 21 kabla. Wengine hudhani kwamba siku hizo zinatosha kupima. Kwa mkono wa daktari zinatosha, lakini kwa moyo wa binadamu hazitoshi. Zinapofika siku 21, barua ya posa imekwisha kujibiwa, kishika uchumba kimekwisha kupokewa, mahari imekwisha kutajwa, jamaa wa Mafia na wa Dar es Salaam wamekwisha kualikwa, na mchele umekwisha kununuliwa. Ni kijana gani atakayesimama mbele ya wazee wa pande mbili, na huku sufuria ziko mekoni, aseme, tungoje kwanza tufikiri? Atanyamaza, na kimya hicho kitalipwa na mtoto.

Bali kijana aliyepima akiwa na miaka 18, kabla hajampenda mtu, huyo anaijua damu yake kama anavyolijua jina la babu yake. Siku akikutana na mwenzake huuliza mapema, bila aibu na bila gharama. Kipimo cha damu hii hufanywa mara moja katika maisha, maana punje alizozaliwa nazo mtu hazibadiliki. Hakitofautiani na kujua kabila, ila chenyewe kina manufaa zaidi.

Kuhusu kipimo, tusidanganyane. Kiko cha haraka cha zamani ambacho hutazama tu kama chembe hujikunja. Hicho huonyesha kwamba punje nyekundu ipo, lakini hakitenganishi AS na SS. Kiko kipimo kingine cha maabara kinachozitenga aina za damu kwa nguvu ya umeme, nacho ndicho cha kuaminika. Na siku hizi vimetoka vipimo vidogo vya tone moja la kidole, ambavyo hutoa jibu kwa dakika chache na kutaja AA, AS au SS. Basi ukiambiwa umepimwa, uliza: nimepimwa kwa kipi? Tena mtu aliyeongezewa damu ya mwingine katika miezi mitatu iliyopita amwambie daktari, kwani huenda kipimo kikasoma damu ya mgeni badala ya yake.

Tukiwa hapo hapo maabara, tuulizie na kundi la damu. Wazee husema juu ya mke anayepoteza mimba, damu zao hazipatani. Liko neno la kweli ndani ya msemo huo, nalo ni tofauti na selimundu. Wachache miongoni mwa wanawake wetu wana damu isiyo na alama iitwayo Rh. Mama huyo akibeba mtoto mwenye alama hiyo aliyoirithi kwa baba, mara nyingi mtoto wa kwanza husalimika, lakini mwili wa mama hujifunza kupigana, na mimba zinazofuata huweza kuharibika. Hili lina kinga: sindano anayopigwa mama wakati wa mimba, na tena katika saa 72 baada ya kujifungua. Lakini sindano hapewi mama ambaye hakuna anayejua damu yake.

MWANAMKE SI MSHITAKIWA

Mama zetu, neno hili ni lenu, na wanaume walisikie vilevile.

Tumekwisha kuona wanawake wakirudishwa kwao na masanduku yao kwa sababu watoto wamekufa wawili watatu. Inasemwa ana mkosi, ana jini, tumbo lake linakula watoto. Tumekwisha kuona mume huyo akioa mwingine, na uchungu ule ule ukamfuata, kwani ngumi yake ilikuwa ile ile. Basi tazameni tena zile punje. Mtoto wa SS ana nyekundu mbili. Moja ameitoa mama. Na ya pili ameitoa nani? Baba yake. Hakuna mtoto wa SS wa upande mmoja. Mwenye kumfukuza mke kwa ugonjwa huu anafukuza nusu ya kosa ambalo si kosa, na nusu nyingine anabaki nayo mwenyewe chumbani.

Nchi hii haikukombolewa na wanaume peke yao. Bibi Titi Mohamed, aliyepata kuwa mbunge wa Rufiji, aliwatoa wanawake majumbani wakaja mikutanoni wakati wanaume wengi walikuwa wakiogopa kazi zao. Itakuwa aibu kwetu kama mwanamke aliyepigania Uhuru jana leo atahukumiwa bila ushahidi kwa jambo ambalo tone la damu laweza kulieleza.

HATUTAKI SHERIA YA KUKATAZA NDOA

Sasa tuwe waangalifu, maana chombo chema kikishikwa vibaya hukata mkono. Wenzetu wametangulia, nasi tutazame walipojikwaa na walipofaulu.

Marekani, mwaka 1971, chama cha Black Panther kilipita katika mitaa ya watu weusi kikiwapima selimundu bure, kwa sababu serikali ilikuwa imeupuuza ugonjwa huo. Hiyo ilikuwa kazi njema ya chama, kutoka kwa watu kwa ajili ya watu. Lakini katika miaka hiyo hiyo majimbo kadhaa yakatunga sheria za kuwalazimisha watu weusi wapimwe, bila elimu na bila siri. Wabebaji wasiokuwa na ugonjwa wowote wakaonekana kama wagonjwa, wengine wakanyimwa kazi, na chuo cha maofisa wa jeshi la anga kikawakataa hata mwaka 1981. Kipimo kilikuwa kile kile. Tofauti ni nani alikishika na kwa nia gani.

Upande mwingine, katika Ghuba, Bahrain na Saudi Arabia tangu mwaka 2004 huwataka wachumba wapime kabla ya nikaha. Lakini hata huko majibu yakitoka, uamuzi wa kuoana hubaki kwa wachumba wenyewe. Na Bahrain, ambako wanafunzi wa shule nao walifundishwa na kupimwa, watoto wanaozaliwa na ugonjwa wamepungua sana.

Msimamo wetu basi ni huu. Kipimo kiwe cha hiari. Majibu ni mali ya mwenyewe, si ya balozi wala ya mwenyekiti wa kijiji, wala si ya sisi tunaosema hapa. Na asiwepo wa kumwambia AS asioe au asiolewe. AS wawili wakipendana, wana njia kadhaa mbele yao, na njia zote ni zao. Waweza kuachana mapema kwa heshima. Waweza kuoana wakaamua kuzaa wachache. Waweza kuoana na kuzaa, huku wakijua kwamba kila mtoto atapimwa tangu siku zake za kwanza na kutunzwa kama inavyotakiwa. Katika nchi tajiri wako wanaotungisha mimba maabara na kuchagua iliyo salama, lakini tusiwadanganye wavuvi wa Salale na Mbwera kwamba njia hiyo iko karibu na mfuko wao.

MTOTO ALIYEKWISHA KUZALIWA

Yasidhaniwe maneno yetu kwamba mtoto wa SS ni hasara. Yeye ni mwananchi kamili, na akitunzwa atasoma, atafanya kazi na kuwa mzee. Wapo waliofanya hivyo. Anatakiwa kupewa penisilini kila siku tangu mchanga hadi miaka 5, chanjo zote, chandarua, kinga ya malaria, na maji ya kunywa kwa wingi. Iko dawa ya kumeza iitwayo haidroksiurea. Majaribio yaliyofanywa Uganda, Kenya, Angola na Kongo, na matokeo yake kutolewa mwishoni mwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba hupunguza maumivu, hupunguza haja ya kuongezewa damu, na hata vifo, kwa watoto wa Afrika. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Mwaka huo huo Uingereza na Marekani zilikubali tiba ya kurekebisha vinasaba vyenyewe, nayo Marekani bei yake ni zaidi ya dola milioni 2 kwa mtu mmoja. Kwa bei hiyo twaweza kusema tiba ipo, lakini barabara ya kuifikia haijalimwa. Leo silaha yetu ni kujua mapema.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Ndugu wanachama, mkutano usiozaa kazi ni baraza la kahawa. Tunapendekeza haya.

Kwanza, kila tawi liwe na siku ya elimu ya damu, na mwalimu au mganga wa zahanati aeleze zile punje mbili kwa Kiswahili chepesi. Siku ya Selimundu Duniani, tarehe 19 Juni, iwe mojawapo.

Pili, tuwaombe makungwi na masomo wa unyago, na wazee wa jando, walitie neno hili katika mafunzo yao. Mwali anafundishwa namna ya kukaa na mume. Afundishwe na namna ya kuijua damu yake. Masheikh na mapadri, ambao wengi wao huwahimiza wachumba wapime virusi vya UKIMWI, waongeze na kipimo hiki.

Tatu, tuidai serikali yetu, kwa adabu lakini bila kuchoka, kipimo cha tone moja kifike Kibiti na Utete, na tena kisiishie barabarani. Mtu wa Delta hungoja maji yajae ndipo chombo kitoke, afike Nyamisati, kisha atafute gari. Safari ya siku mbili kwa tone la damu hawezi kuifanya kila mtu. Kipimo kipande boti pamoja na chanjo za watoto, kiwafuate watu waliko, na mtoto mchanga apimwe siku ile ile aletwapo kliniki.

Nne, vijana wenye afya watoe damu. Mtoto wa selimundu akiishiwa damu usiku hawezi kungoja ndugu watoke Mafia. Na anayetoa damu aulize na kundi lake, maana atapata faida mara mbili.

Tano, na hili halihitaji bajeti ya mtu yeyote: kuanzia leo, mwanachama asikubali mbele yake mwanamke aitwe mkosi kwa sababu ya watoto waliokufa, wala mtoto mwenye macho ya manjano achekwe shuleni.

Wazee wetu, katika desturi zetu hakuna posa bila kuulizana. Huulizwa, huyu ni mtoto wa nani, ukoo wake ni upi, tabia yake ikoje. Hatuwaombi mwache kuuliza. Twawaomba mwongeze swali moja tu, nalo waulizane vijana wenyewe, kwa siri na kwa mapenzi: mwenzangu, umepima?

 Uhuru na Umoja!